Ufufuko wa Yesu: kuamini, kubaki na shaka, au kutoamini

Katika mkesha wa Pasaka padri huuliza maswali ya ahadi za ubatizo na kanisa zima hujibu "Nasadiki." Wapo wanaojibu kwa sauti ya kutikisa bati, na wapo wanaochezesha midomo tu. Makala haya ni ya hao wa pili, pamoja na wale walioacha kwenda kanisani lakini swali lenyewe likagoma kuwaacha: je, Yesu alifufuka kweli?

Mimi ni Mkatoliki wa hapa Mwanza na misa naenda. Nataja mapema ili ukiona mizani imeinama ujue uzito umetoka wapi. Nitazipima njia zote kwa vigezo vilevile, na mwishoni nitasema ipi inamfaa nani.

Kwanza, shaka lako ni la nini?

Hatua hii watu huiruka, kisha wanabishana miaka. Kaa na vijana wa mjini hapa wanaosema hawaamini tena ufufuko, waache waongee, na mara nyingi haichukui muda utasikia habari za mchungaji: sadaka ya mbegu, maji ya upako, ada ya kumwona mtumishi, mgonjwa aliyeambiwa aache dawa. Mwaka 2019 video ya mchungaji mmoja wa Johannesburg "akimfufua" mtu ndani ya jeneza ilizunguka kwenye simu za Afrika nzima. Makampuni ya mazishi yakalalamika kwamba yametumiwa, na kanisa lenyewe likabadili maneno. Mtu akichoshwa na mambo kama hayo ana haki zote. Ila uongo wa 2019 hausemi chochote kuhusu kilichotokea, au kisichotokea, Yerusalemu yapata mwaka 30. Kama ugomvi wako ni na mchungaji, dawa ni kuhama kanisa, kudai mahesabu, au kupumzika kwa muda. Swali la kaburi lisiamuliwe kwa hasira za kapu la sadaka.

Upande wa pili nao una lake. Kuna wanaosema wanaamini, kumbe wanachoamini ni kwamba mama ataumia wakisema vinginevyo. Huo ni upendo, na upendo si kitu kidogo, lakini haujajibu swali.

Njia tatu, vigezo vinne

Njia ya kwanza ni kuamini kwamba Yesu aliyekufa msalabani alifufuka siku ya tatu, kama Kanuni ya Imani inavyotangaza tangu Mtaguso wa Nikea, mwaka 325, tena kwa mwili, na kaburi likabaki tupu. Ya pili ni kubaki ndani ya kanisa huku swali likiwa wazi moyoni. Ya tatu ni kutoamini kwamba jambo hilo lilitokea, iwe bado unampenda Yesu kama mwalimu au umeachana na dini moja kwa moja.

Wapo pia wanaosema ufufuko ni lugha ya maana tu, kwamba Yesu "anaishi" katika mahubiri na matendo ya wafuasi wake. Mwanateolojia Mjerumani Rudolf Bultmann aliwafanya wengi wafikirie hivyo kuanzia 1941. Huku kwetu anayeshika wazo hilo huishia kwenye njia ya pili au ya tatu kutegemea anaishi na nani, kwa hiyo sitalitengea safu yake. Wala simhesabu jirani Mwislamu kwenye njia ya tatu. Yeye anafuata Qur'ani, sura ya An-Nisaa aya ya 157, kwamba Isa hakuuawa wala hakusulubiwa. Huo ni mjadala mwingine wenye misingi yake.

Vigezo ni hivi: ushahidi wa kale unabeba kiasi gani, kila njia inakudai ukubali jambo gani gumu, inakushikaje msibani, na inakuweka wapi nyumbani na kanisani.

Ushahidi wa kale

Andiko la zamani zaidi tulilo nalo kuhusu jambo hili ni barua, siyo Injili. Paulo aliwaandikia Wakorintho katikati ya miaka ya 50, miaka ishirini na kitu baada ya msalaba, na katika sura ya 15 anasema anawapa kile alichopokea na yeye: Kristo alikufa, akazikwa, akafufuka siku ya tatu, akamtokea Kefa (yaani Petro), kisha wale Thenashara, kisha ndugu zaidi ya mia tano kwa pamoja, ambao wengi wao walikuwa bado hai, kisha Yakobo, kisha mitume wote, mwisho Paulo mwenyewe. Injili ya Marko inakuja karibu na mwaka 70, na ya Yohana karibu na mwisho wa karne.

Anayeamini anashika hapo. Habari haikusubiri vizazi vitatu ili ikue. Mashahidi waliweza kuulizwa. Yakobo, ndugu yake Yesu, hakumwamini alipokuwa hai (Yohana 7:5), halafu tunamkuta akiongoza kanisa la Yerusalemu hadi alipouawa mwaka 62, kifo ambacho hata Yosefo, mwanahistoria Myahudi, alikiandika. Paulo alikuwa anawawinda Wakristo. Tena Injili zote nne zinawaweka wanawake mbele kaburini, katika zama ambazo ushahidi wa mwanamke ulidharauliwa. Luka anakiri kwamba mitume wenyewe waliyaona maneno yao kama upuzi. Mtunzi wa hadithi angechagua wanaume wenye heshima zao.

Mwenye shaka anasoma kurasa hizohizo akiwa na kalamu. Malaika ni mmoja au wawili? Yesu aliwatokea Galilaya au Yerusalemu? Katika nakala mbili maarufu za karne ya 4, Sinaiticus na Vaticanus, Marko inaishia 16:8, wanawake wakikimbia kwa hofu bila kumwambia mtu; aya zinazofuata hazimo. Paulo naye hawataji wanawake, wala kaburi tupu halisemi waziwazi. Kwa mwenye shaka haya hayatoshi kukanusha, ila yanatosha kumzuia asiape.

Asiyeamini anaanzia nyuma zaidi, pale mwanafalsafa Mskoti David Hume alipoanzia mwaka 1748: ushuhuda upimwe dhidi ya uzoefu wote wa binadamu. Mvuvi akishuka mwaloni Kirumba akakuambia kavua sangara wa kilo mia, utaguna, kisha utaamini, kwa sababu sangara wa hivyo wapo. Akikuambia sangara huyo aliongea, hutaanza kuuliza alisema nini. Utaanza kujiuliza mvuvi amekuwaje. Hume anasema habari ya mfu kutoka kaburini iko kwenye kundi hilo la pili, na maelezo yoyote ya kawaida yana uzito kuliko hilo. Yapo yanayopendekezwa: maono ya watu wenye majonzi, mwili kuhamishwa, hata wizi, uvumi ambao Mathayo mwenyewe anaukiri (28:13). Asiyeamini aliye mwaminifu atakubali kwamba hakuna hata moja kati ya hayo linaloeleza kila kitu. Atasema pia kwamba halazimiki kulijua jibu ili alikatae lingine.

Hapa ndipo Usukuma una la kuongeza ambalo vitabu vya Ulaya havina. Wamisionari wa Afrika (shirika la Mapadri Weupe) walipofungua misheni ya Bukumbi mwaka 1883 hawakukuta watu wasiojua habari za wafu. Walikuta masamva, mizimu ya wahenga: wanakuja ndotoni, wanadai haki zao, wanamfanya mtoto augue mpaka apewe jina lao. Mpaka leo ukisema msibani kwamba marehemu alikujia jana usiku, hakuna atakayeruka. Wala hakuna atakayekimbia kwenda kuangalia kama kaburi liko wazi.

Asiyeamini ana sababu ya kufurahia jambo hilo. Kumwona marehemu ni kawaida ya binadamu, atasema, na hakuhitaji kaburi tupu. Petro alimwona Yesu kama bibi anavyomwona babu. Lakini anayeamini anaweza kuichukua hoja hiyohiyo na kuigeuza. Wayahudi nao walizijua roho za wafu. Luka 24:37 inasema wanafunzi walipomwona Yesu walidhani wanaona roho. Kama walitaka kusema Yesu amewajia kama samva, maneno yalikuwepo na wala yasingemshangaza mtu. Badala yake walishikilia jambo gumu zaidi kuliuza: ana mwili, mguseni, na akala kipande cha samaki mbele yao. Kwa maoni yangu mjadala wote umesimama hapo. Kwamba waliona kitu, hata wanahistoria wengi wasio waumini wanakubali. Kwa nini walisema ni mwili? Yeyote unayemsoma, wa upande wowote, mpime kwa jibu analotoa hapo.

Sura ya 21 ya Yohana itamgusa yeyote aliyekulia ziwani. Wanafunzi saba wamevua usiku kucha, chombo kitupu, kunapambazuka, mtu yuko ufukoni na moto wa makaa na samaki juu yake. Wavu unavutwa, samaki wanahesabiwa: 153. Mvuvi wa Igombe akisoma idadi hiyo atasema aliyeandika alikuwepo, maana samaki huhesabiwa na mwenye mali. Mwenye shaka atakukumbusha kwamba kitabu kinaonekana kimeshafungwa mwishoni mwa sura ya 20, na kwamba Luka 5 ina habari inayofanana sana na hii mwanzoni mwa huduma ya Yesu. Wote wawili wamesoma vizuri.

Unachotakiwa kukubali

Njia ya kwanza inakudai ukubali tukio lisilo na mfano mwingine, na Paulo hakukuachia mlango wa nyuma: kama Kristo hakufufuka, kuhubiri ni bure na imani ni bure. Huwezi kusema unaamini "kwa kiasi" kisha ukamtaja Paulo kuwa shahidi wako. Inakudai pia uvumilie tofauti za Injili bila kuzigundisha kwa nguvu, kazi ambayo wahubiri wetu wengi huifanya vibaya.

Ya pili inakudai uishi bila kufunga hesabu. Wengi wanadhani ni njia ya wanafiki. Siyo. Mathayo 28:17 inasema wanafunzi walipomwona Yesu walimsujudia, lakini baadhi waliona shaka, na aya inayofuata haisemi hao walifukuzwa, wote walitumwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2088, inatofautisha shaka la makusudi, la mtu anayepuuza au kukataa, na shaka lisilo la hiari, la mtu anayesitasita na kupambana na maswali. Barua za Mama Teresa wa Kolkata zilizochapishwa mwaka 2007, miaka kumi baada ya kifo chake, zilionyesha giza la ndani la miaka mingi mno, na kazi akaendelea nayo. Hatari ya njia hii ni nyingine kabisa, yaani uvivu. Mtu anaweza kusema "mimi bado natafuta" tangu kidato cha nne mpaka anastaafu, na hajafungua kitabu.

Ya tatu inakudai uiachilie ahadi, siyo kwa mdomo tu. Na ubaki na pengo: kitu fulani kiliwageuza wale watu, na hujui ni nini. Kwamba asiyeamini ataishi ovyo kwa sababu hakuna kesho ni maneno ya mimbari tu. Wewe na mimi tunawajua waadilifu wasioamini, na tunawajua wengine.

Msibani

Swali hili kwetu haliko mbali. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza na mamia ya watu wakafa, makadirio mengi yakizidi 800. Baadhi wamelala Igoma. Wengine ziwa halikuwarudisha. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu na Ukara, zaidi ya watu 220 wakapoteza maisha. Kuna familia hapa ambazo hazina hata kaburi la kupalilia.

Kwa hao, njia ya kwanza ina neno ambalo zile nyingine mbili hazina. Ufunuo 20:13 inasema bahari ikawatoa wafu waliokuwamo ndani yake. Ufufuko wa mwili, ukiuamini, haujali mwili uliishia wapi. Nimeona neno hilo likimwinua mtu kutoka kwenye mkeka. Nimeona pia imani hiyohiyo ikitumika kumziba mtu mdomo: usilie, yuko pazuri, Mungu kampenda zaidi. Anayesema hivyo amesahau kwamba Yesu alilia kaburini kwa Lazaro akijua dakika chache zijazo atamwita atoke.

Mwenye shaka msibani ana upungufu na ana faida. Maneno humwishia upesi. Wimbo wa matumaini unapoanza hajui aimbe au anyamaze. Lakini hasemi asichokijua, na mfiwa aliyechoka kuhubiriwa mara nyingi humtafuta yeye akae karibu naye.

Asiyeamini hana ahadi ya kutoa, ila ana jicho kwenye chanzo. MV Bukoba na MV Nyerere vyote vilibeba kupita uwezo. "Kazi ya Mungu haina makosa," watu walisema, na ndani ya sentensi hiyo waliohesabu nauli bila kuhesabu vichwa wakapita kimya. Asiyeamini huuliza mapema na kwa ukali zaidi: maboya yalikuwa mangapi, nani aliruhusu chombo kitoke? Muumini anaweza kuuliza hivyo pia, na anapaswa. Nasema tu kwamba yeye ana kisingizio karibu, na mwenzake hana.

Nyumbani na kanisani

Tuseme ukweli: kwa Mkatoliki wa Mwanza, jumuiya ndogondogo ndiyo inayokuzika. Akifa mtu asiyeonekana jumuiya, padri anaulizia, na familia inaanza kuhangaika kutafuta barua ya jumuiya. Wapo wanaobaki kanisani kwa hofu hiyo tu, na siwacheki, kwa sababu kuzikwa na watu si jambo dogo huku kwetu. Ila lichukulie kama hoja ya kubaki na watu. Kuhusu Yesu halithibitishi lolote.

Njia ya kwanza hapa haina tabu. Ya tatu inategemea umri na mfuko: aliyejitegemea anaweza kusema wazi na kuendelea kuchangia, kuchimba kaburi, kupika msibani, na mtaa ukamheshimu, anayelishwa na baba mzee wa kanisa asubiri kidogo. Ya pili inategemea sana dhehebu, jambo ambalo watu hawaliangalii. Katika liturujia ya Wakatoliki, Walutheri au Waanglikana, maneno yameshaandikwa. Unaweza kusimama ndani ya maneno ya wengine mpaka yako yapatikane. Katika makanisa mengi ya kilokole unaitwa mbele utoe ushuhuda wako, na mwenye shaka hapo atadanganya au ataonekana mgonjwa wa kuombewa. Kwa upande mwingine, huko huko kwa walokole ndiko mtu atakukalisha usiku mzima kujibu maswali yako, wakati parokiani unaweza kumaliza miaka hakuna aliyegundua kwamba unayo.

Kwa hali yako

Kama una msiba wa karibu, usiamue sasa. Imani inayoshikwa kwa uchungu na imani inayotupwa kwa uchungu zote huhitaji kurudiwa baadaye. Nenda kwenye ibada kama unapata nguvu huko. Kaa nyumbani kama hupati.

Kama kinachokusumbua ni historia, na umeshaweka hasira za mchungaji pembeni, huenda njia ya kwanza ina uzito kuliko ulivyoambiwa na mtandao, na shaka lina uzito kuliko ulivyoambiwa na katekista. Soma kwa mpangilio wa kuandikwa: Wakorintho wa Kwanza sura ya 15 yote kwa kikao kimoja, kisha Marko 16 mpaka aya ya 8, kisha Luka 24, kisha Yohana 20 na 21. Andika pembeni kila unapouliza "kwa nini mwili?"

Kama umeombwa kuwa msimamizi wa ubatizo au wa kipaimara, hapo njia ya pili inabana, maana utaulizwa hadharani na utajibu kwa niaba ya mtu mwingine. Mwone paroko kabla ya siku yenyewe. Mwenye shaka anayepambana nalo huenda akaambiwa aendelee. Asiyeamini kabisa amwachie mwingine heshima hiyo, na asione aibu.

Kama unaoa au kuolewa na mtu aliye njia tofauti na yako, zungumzeni mambo mawili tu kabla ya harusi: watoto watabatizwa au la, na mmoja akifa atazikwaje. Mengine mtayajua njiani.

Kama umeshaamua kwamba huamini, na una utulivu, huna deni la kubishana kila Pasaka. Nenda ukale pilau na ndugu zako. Mama akiuliza kama umesali, mjibu ukweli kwa kiasi anachouliza.

Na kama unaamini lakini rafiki yako ameacha, usimtumie video za miujiza. Muulize ameshindwa wapi, umsikilize mpaka amalize, kisha mpe ile sura ya 15 aisome mwenyewe.